Muulize Kocha: Waangalie wanne kwanza

*Kocha, shikamoo. Mimi ni shabiki wa Dallas Mavericks ya NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, tangu walipochukua ubingwa 2011, nikiwa kidato cha pili. Naamka saa kumi na nusu alfajiri kuwaangalia kwenye simu. Tangu Luka Doncic apelekwe Lakers Februari 2025 na Kyrie Irving aumie goti mwezi uliofuata, timu haina pointi gadi wa kueleweka, yaani namba moja, yule anayeupandisha mpira na kuwagawia wenzake. Mwanzo wa msimu wa 2025-26 kazi hiyo akapewa Cooper Flagg, mtoto wa miaka 18 mwenye urefu wa mita 2.06! Wenzangu kijiweni wanasema dawa ni kumwaga fedha, asajiliwe staa yeyote mwenye jina. Wewe ulicheza namba moja. Hivi timu ya kulipwa humpataje pointi gadi anayeifaa?*
*Msomaji, Nyakato, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Dallas nimeifuatilia zaidi ya miaka 20 kwa sababu ya nafasi hiyo hiyo moja, kwa hiyo nivumilie nikiwa mrefu wa maneno. Sijui timu nyingine iliyompata, ikampoteza, ikamtafuta, ikampata tena na kumpoteza tena namba moja mara nyingi kama hiyo. Ukitaka kujifunza kazi ya kutafuta pointi gadi, Dallas ni shule tosha.

Anza na Steve Nash. Alizaliwa Johannesburg, akakulia Kanada, akatua Dallas 1998. Mimi wakati huo nilikuwa binti nacheza namba moja kwenye uwanja wa saruji hapa Dar es Salaam, na CD zenye michezo yake zilikuwa zikipita mkono kwa mkono mpaka zinakwaruzika. Kiangazi cha 2004 mkataba wake uliisha. Alikuwa na miaka 30, mgongo ukimsumbua, na Dallas hawakutaka kumfungia mkataba mrefu. Phoenix wakataka. Kiangazi hicho hicho Dallas wakampa senta (mchezaji mrefu wa karibu na ringi) Erick Dampier mkataba wa miaka saba. Phoenix waliokuwa wameshinda michezo 29 tu wakashinda 62 msimu uliofuata. Nash akawa mchezaji bora wa ligi 2005, akarudia 2006, na katikati ya hapo akawatoa Dallas wenyewe kwenye mtoano, 4-2.

Wengi huisimulia habari hiyo kama hadithi ya ubahili. Mimi naona kosa lilikuwa jingine. Walipima umri wa Nash, wakapima mgongo wake, wakapima pointi zake. Hawakupima kitu ambacho Dirk Nowitzki, mfungaji wao mkuu, alikuwa akikipokea kutoka kwake. Dirk, mtu wa mita 2.13, alikuwa anataka mpira karibu na mstari wa mtupo huru, bega likiwa limeshageuka, mlinzi wake akiwa bado nyuma nusu hatua. Mpira ukimfikia hapo ni kikapu. Ukichelewa sekunde moja, mlinzi amefika na wa pili yuko njiani. Nash alikuwa anaijua sekunde hiyo.

Baada yake walikuwepo Devin Harris, kijana wa mbio kali, na Jason Terry, ambaye moyoni ni mfungaji hata umpange wapi. Sitawavunjia heshima: walifika fainali 2006, wakaongoza 2-0 dhidi ya Miami, kisha wakapoteza minne mfululizo. Mwaka 2007 wakashinda michezo 67, wakatolewa raundi ya kwanza na Golden State ya Baron Davis, iliyoingia mtoano ikiwa ya nane. Ukipata mikanda ya michezo ile, mtazame Dirk katika robo ya nne. Mara kwa mara anatoka kule anakofungia na kuja kuufuata mpira karibu na katikati ya uwanja. Mchezaji mrefu anayelazimika kwenda kuuchukua mpira mwenyewe anakwambia kwa miguu yake kwamba timu haina namba moja. Alama hiyo hainidanganyi, naitumia mpaka leo nikiangalia watoto wa shule.

Februari 2008 wakamrudisha Jason Kidd kutoka New Jersey. Nasema kumrudisha kwa sababu ni Dallas waliomchagua wa pili kwenye drafti ya 1994 (siku timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu), wakamwachia aende Phoenix 1996. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, naye alisubiri miaka zaidi ya 11 kutunzwa. Bei ilikuwa kubwa: Harris aliyekuwa na miaka 24, Msenegali DeSagana Diop, wachezaji wengine, nafasi mbili za raundi ya kwanza kwenye drafti, na fedha juu yake. Mpango wa kwanza ulikufa kwa sababu Devean George alikuwa na haki ya kukataa kuhamishwa, akaitumia. Kidd alibakiwa na mwezi mmoja atimize miaka 35. Mwaka uliofuata Harris akachaguliwa kwenye mchezo wa nyota akiwa na New Jersey, na waliosema Dallas wamepigwa wakasema kwa sauti zaidi.

Sasa hapa, mwanangu, ndipo nataka wenzako wa kijiweni wasogeze viti karibu. Chukua kikosi cha 2011 na uwaangalie hao wengine wanne kwanza, Kidd mwache pembeni. Dirk nimeshakueleza anachotaka. Terry, aliyekuwa akitokea benchi, alitaka mpira akiwa anakimbia, akizunguka mgongo wa mwenzake aliyesimama kumkinga, umkute mkononi mguu wake wa mwisho ukigusa chini. Tyson Chandler hakuwa mtu wa kujitengenezea kikapu. Alitaka mpira wa juu, karibu na ringi, amalizie kwa mikono miwili. Shawn Marion alikuwa anapenya nyuma ya walinzi, anahitaji mtu atakayemwona kabla mlinzi hajamwona. Jiulize: kati ya hao, ni nani anayehitaji mwenzake ashike mpira sekunde kumi, audunde, achezeshe mabega, watazamaji wapige kelele? Hakuna hata mmoja. Wote wanahitaji mpira mapema na mahali pake. Kidd, akiwa na miaka 38, hakuweza tena kumpita kijana yeyote kwa mbio, na timu ile haikuwa na haja hiyo. Alikuwa anafunga wastani wa pointi 8 hivi na kutoa asisti 8, yaani pasi zinazozaa vikapu. Ukiziona namba hizo kwenye karatasi bila kujua jina utampita.

Na alikuwa amejifunza kitu kimoja kilichomfanya atoshee: kufunga pointi tatu. Ujanani Kidd alikuwa mpigaji dhaifu kiasi kwamba walinzi walikuwa wanarudi nyuma kumwachia nafasi. Msimu wa 2009-10 alifunga zaidi ya asilimia 42 ya pointi tatu zake. Dirk akivutia walinzi wawili, Kidd kasimama pembeni, na mlinzi wake hathubutu kumwacha. Katika fainali ya kanda ya Magharibi dhidi ya Oklahoma City, mchezo wa nne, Dallas walikuwa nyuma pointi 15 zikiwa zimebaki dakika tano hivi. Wakasawazisha. Kwenye dakika za nyongeza ni Kidd aliyefunga pointi tatu zilizowaweka mbele moja kwa moja. Nilikuwa nimekaa sakafuni sebuleni kwa dada yangu, Tabata, nikashika kichwa nikalia. Watoto wake waliamka wakaniuliza nani amefariki.

Halafu ubingwa ukaja, wakamfunga Miami 4-2.

Nikupe na upande wa pili, maana ndio unaojibu hoja ya jina. Desemba 2014 Dallas walikuwa na ushambuliaji bora kuliko timu zote za ligi. Wakamleta Rajon Rondo kutoka Boston. Jina? Bingwa wa 2008, mtu wa akili nyingi, anayekumbuka mipango ya wapinzani kuliko wao wenyewe. Lakini tazama tena wale wanne. Dirk bado alikuwa anahitaji nafasi mbele yake, na Rondo hakuwa mpigaji wa mbali, kwa hiyo mlinzi wake aliteremka na kukaa hapo hapo kwenye njia ya Dirk. Rondo anataka mpira uwe mkononi mwake na yeye ndiye aite mpango. Kocha Rick Carlisle anataka aite yeye. Nahodha wengi chombo huenda mrama. Februari 2015, katikati ya mchezo dhidi ya Toronto, walizozana mbele ya watu na Rondo akafungiwa mchezo mmoja. Mtoano ulipofika, baada ya mchezo wa pili dhidi ya Houston, hakuonekana tena na jezi ya Dallas. Ili kumpata walikuwa wamemtoa Brandan Wright, aliyekuwa akimalizia mipira ya juu karibu na ringi, na Jae Crowder, mlinzi mzuri. Wakauza vilivyokuwa vinafanya kazi, wakanunua kipaji kilichotaka timu tofauti na ile. Simlaumu Rondo hata kidogo. Angewekwa kwenye timu yenye wapigaji wanne wasiojua kuupeleka mpira popote, angekuwa mfalme.

Jalen Brunson ananiuma zaidi. Dallas walimpata 2018 akiwa chaguo la 33, raundi ya pili, ameshachukua ubingwa wa vyuo mara mbili na Villanova. Aprili 2022, Luka akiwa nje kwa jeraha, Brunson alifunga pointi 41 dhidi ya Utah kwenye mtoano bila kupoteza mpira hata mara moja. Soma tena sentensi hiyo. Kiangazi hicho akaondoka huru kwenda New York kwa dola milioni 104 za miaka minne, na mwaka 2025 New York wakafika fainali ya kanda ya Mashariki kwa mara ya kwanza tangu 2000. Alikuwa ndani ya nyumba yao! Walikuwa na Luka, anayeshika mpira karibu muda wote, wakamwona Brunson kuwa msaidizi. Miezi saba baadaye wakaenda kumtafuta Kyrie.

Kwa hiyo Flagg. Aliyempa mpira mwanzo wa msimu huo alikuwa kocha Jason Kidd, yule yule, na naamini alijua alichokifanya: kijana mrefu akipitishwa kwenye kazi ya kuupandisha mpira anajifunza kuuona uwanja wote. Lakini si kazi ya kumwachia msimu mzima. Anachoka kwa kuvuka nusu ya uwanja akisukumwa na mlinzi mfupi mwepesi, akifika mbele miguu imeisha. Timu inayojengwa juu ya Flagg inahitaji namba moja anayeuachia mpira mapema, anayeweza kusimama pembeni na kufunga pointi tatu, na asiyenuna akimaliza mchezo na pointi sita. Watu hao wapo, na wengi wao si mastaa. Waambie wenzako waanze kuwaangalia hao kwenye benchi za timu nyingine.

*Kocha, habari za kazi. Mimi ni mweka hazina wa klabu ya kikapu. Tuna fedha ya kusajili mchezaji mmoja tu kutoka nje, na tumekubaliana awe pointi gadi. Tumeletewa video za vijana watatu. Mmoja anafunga pointi 28 kwa mchezo na kamati nzima imempenda. Mimi nina wasiwasi lakini sijui kuueleza. Niangalie nini?*
*Mweka hazina, Dodoma*

Njema, kaka. Wasiwasi wako una sababu, usiuzime.

Video mlizoletewa zimekatwa. Zinaonyesha vikapu vyake vyote na hazionyeshi mpira mmoja aliopoteza. Omba mchezo mzima, na uombe ule ambao timu yake ilifungwa. Akikataa kukutumia, umeshapata jibu la bure. Ukiletewa, uangalie mara mbili, na mara ya pili usimfuate mpira kwa macho. Mfuate yeye. Anafanya nini akishautoa mpira: anatembea, au anakwenda kumkinga mwenzake? Akipoteza mpira anarudi kwa mbio, au anainua mikono kumlalamikia mwamuzi? Kocha akiomba taimauti, anamtazama kocha au anatazama jukwaani? Halafu hesabu kwa kidole muda wa mpira kukaa mkononi mwake. Sekunde ni 24, na nane za kwanza ni za kuvuka nusu ya uwanja. Akiuachia zikiwa zimebaki sita, wenzake wanarusha kwa kulazimika, na vikapu vilivyokosekana vinaandikwa kwa majina yao. Pointi 28 zinaweza kujengwa hivyo.

Na kabla ya hayo yote, andika kwenye karatasi wachezaji wako wanne watakaoanza naye, na mbele ya kila jina mahali anapopenda kupokea mpira. Nakuomba usiwaruke hao. Kama wawili kati yao hujui wanapopenda, ahirisha usajili wiki moja ukawaangalie mazoezini.

Nitakusimulia kwa nini nasema hivi kwa uchungu. Msimu mmoja klabu niliyoichezea ilileta namba moja kutoka nje, dada mwenye mkono mzuri kweli kweli, na mimi nikakaa benchi. Kukaa benchi si neno. Mchezo ndivyo ulivyo. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyeketi naye kumwambia kwamba senta wetu hapokei mpira wa chini, vidole vyake viwili vilikuwa vimevunjika utotoni na havikunyooka. Wiki sita alimpasia chini, wiki sita mipira ikaanguka, na uwanja mzima ukamzomea senta. Mwisho wa msimu senta aliacha kucheza. Alikuwa na miaka 22. Bado nakutana naye sokoni Buguruni, na mpaka leo hatujawahi kuzungumzia msimu ule.

Mwaka uliofuata alikuja dada mwingine, kutoka Bukavu. Hakuwa na mbio wala hakufunga sana. Ila siku ya kwanza ya mazoezi, kabla hajavaa viatu, alimpitia kila mmoja wetu na kumwuliza: wewe unataka mpira wapi? Aliuliza kwa Kiswahili cha kwao, na sisi tulichukua wiki nzima kuzoea kwamba akipiga kelele "kuume!" anamaanisha kulia. Uwanjani hakunyamaza hata dakika moja. Alikuwa anatuambia mlinzi anatokea upande gani, nani amebaki peke yake, sekunde ngapi zimebaki. Namba moja aliye bubu uwanjani ni hasara, hata awe na mikono ya dhahabu. Kwa hiyo, kaka, hao vijana watatu wapigie simu mwenyewe. Usimtume wakala. Muulize kila mmoja swali moja: wenzako wanne kwenye timu unayotoka, kila mmoja anapenda mpira wapi? Yule atakayekujibu kwa dakika kumi bila kujitaja, mlete hata kama anafunga pointi tisa.

*Kocha shikamoo. Nina miaka 16, ni msichana, urefu wangu mita 1.58. Napenda kucheza namba moja lakini naambiwa ni mfupi mno, nijaribu mchezo mwingine. Je, ni kweli?*
*Mwanafunzi, Tabora*

Marahaba, mwanangu kipenzi. Si kweli.

Muggsy Bogues alikuwa na mita 1.60 na alicheza NBA misimu 14. Crystal Dangerfield ana mita 1.65, alichaguliwa wa 16 kwenye drafti ya 2020, raundi ya pili, na msimu huo huo akawa mchezaji bora chipukizi wa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani. Na katika fainali ile ya 2011 niliyomsimulia mwenzako wa Mwanza, Dallas wakiwa nyuma 2-1, kocha alimwanzisha J.J. Barea, Mpuertoriko ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti na alikuwa mfupi kuliko wote uwanjani. Kuanzia hapo walishinda mitatu mfululizo.

Lakini nisikudanganye: mfupi hapewi nafasi ya kuinamisha kichwa kutazama mpira. Mrefu akikosea anaupata tena kwa mkono wake mrefu. Wewe ukikosea umekwenda. Chukua mpira kila jioni, simama uani, dunda kwa mkono wa kushoto, chini ya goti. Mwambie mdogo wako asimame hatua tano mbele yako, anyooshe vidole na kubadilisha kila mara, nawe utaje idadi kwa sauti kubwa mpaka majirani wasikie. Ukiangalia mpira, mnaanza upya. Ukishafika mara 50 kwa kushoto bila kukosea hata moja, niandikie, nikutumie zoezi la pili.